Berna na Hoja Mbovu za Chester
Sehemu ya tisa

"Bi Berna, hiyo sehemu haipo tena."

Hapo ndipo tulipomwacha Marisol, kidole chake kikiwa juu ya kitabu cha Bernadette Kubiak, nanyi mkaniandikia wiki nzima mpaka mhariri akaninunia. Wengine mlisema mwandishi amechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Haipo.

"Haipo wapi?" Berna akauliza.

"Kwenye mtihani. Hii michezo ya kupanga watu kwenye viti. Waliiondoa."

"Nani aliiondoa?"

"Wenye mtihani."

"Bila kuniambia?"

Marisol Figueroa ni binti wa miaka ishirini na mbili anayejiandaa na mtihani huo huo, mwenye adabu zake, hivyo hakucheka. Aliangalia sahani yake ya samaki kama mtu anayetafuta mwiba.

Wewe uliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupe kwa mkupuo mmoja. Berna ana miaka hamsini na mitatu, anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno hapa kwetu Cheektowaga, mji wa theluji karibu na ziwa, na anataka kuwa wakili. Shule ya sheria haimpokei mtu bila mtihani wa kuingilia, na mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Darasa la jioni, ambalo ndilo pekee linalomfaa mtu anayefanya kazi mchana, linapokea wanafunzi mwaka huu kwa mara ya mwisho, kisha linafungwa. Akilikosa hili, basi tena.

Na huyu mama alikuwa amejiandaa. Majira yote ya baridi, theluji ikimfungia mlango, alikaa na kitabu chake akipanga wanamuziki saba kwenye viti saba, mpiga zumari asikae karibu na mpiga ngoma, mpiga fidla asiwe wa mwisho. Alifika mahali anawapanga huku anakoroga supu. Nusu ya mtihani wenyewe, ile ya kutafuta kasoro kwenye hoja za watu, ilikuwa inamtoa jasho, lakini alijifariji. Kule atapoteza, huku kwenye viti atazoa.

Kitabu alikinunua akiwa na miaka ishirini na tisa. Kilikaa sandukuni chini ya ngazi tangu siku hizo mpaka majira haya ya baridi, pamoja na taa za Krismasi. Berna ni mtu wa kukagua tarehe kwenye maziwa, kwenye mayai, hata kwenye haradali. Kwenye kitabu hakukagua.

"Sasa wewe," akamgeukia mtu wa tatu pale mezani, "wewe uliona nakisoma hiki kitabu. Hukusema neno!"

Mtu wa tatu ni Chester Kubiak, mtalaka wake. Mstaafu wa kiwanda cha injini, mwenye mabega ya mlango wa ghala, naye anafanya mtihani huo huo kwa darasa hilo hilo, kwa sababu tangu abatizwe watu wanamwambia anabishana kama wakili, na alipostaafu akaona ayaamini. Waliachana miaka sita iliyopita. Jina la Kubiak Berna alibaki nalo, maana kulibadilisha kulihitaji kupanga foleni.

"Nilijua si kwa ajili ya mtihani," Chester akajitetea. "Kitabu changu ni kipya, hakina hayo mambo. Nikadhani wewe unajiburudisha tu. Kama wenzako wanavyofuma soksi."

"Kama wenzangu wanavyofuma soksi!"

"Kuna ubaya gani? Soksi ni kitu kizuri."

Walikuwa kwenye ukumbi wa parokia, ule wa chini ya kanisa. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Ijumaa ya Kwaresima kwetu kila mtu yuko chini ya kanisa anakula samaki wa kukaanga. Watoto wanakimbizana, wazee wanagombania haradali, mtu anatangaza namba za bahati nasibu kwenye kipaza sauti kibovu. Marisol ndiye aliyechagua wasomee humo. Mafundisho yake ni kwamba ukiweza kufikiri kwenye zogo, chumba cha mtihani kitakuwa kitanda.

Bi Wanda anayeuza tiketi akapita na birika la kahawa. "Wakili wetu leo hali kabichi?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Kula, mama! Hakimu atakuogopaje na mashavu hayo?"

Meza ya jirani ikacheka. Parokia nzima ilikuwa inamwita wakili tangu Januari. Berna alicheka nao, kisha bibi yule alipopita, uso ukamshuka.

"Nitoe," akamwambia Chester.

"Nikutoe wapi? Ndiyo kwanza tumekaa."

"Kwenye mtihani. Akaunti zetu zote mbili ziko kwenye simu yako. Fungua, unitoe."

Hapo alisema kweli. Chester ndiye aliyewaandikisha wote wawili kwa simu yake, kwa kuwa Berna hajawahi kuweka nywila asiisahau kabla ya chakula cha jioni.

"Bi Berna, tafadhali," Marisol akaingilia, "bado wiki nzima. Tunaweza kusoma hoja peke yake."

"Binti yangu, hoja umeniona ninavyozifanya. Napata tatu kwenye kumi. Na alama mbaya hazifutiki, zinakaa kwenye faili na shule inaziona. Mimi sitaki jina langu likae huko na aibu yake."

"Subiri kidogo, Berna," Chester akaweka uma chini. Aliweka ule uma kama wazungumzaji wanavyosogeza maikrofoni. "Tuliangalie hili jambo kwa utulivu. Kwanza..."

"Hakuna kwanza."

"Basi pili..."

"Chester! Miaka ishirini na tatu nimekaa ndani ya nyumba na wewe, na sijawahi kusema neno likapita bila kujadiliwa. Nikisema nasikia baridi, unaniletea sababu kwa nini sisikii. Mara moja tu. Mara moja tu katika maisha yako, fanya ninalokuambia bila mjadala."

Chester alimtazama. Alifungua mdomo, na kila anayemfahamu angeweka rehani nyumba yake kwamba hotuba inakuja. Haikuja. Akachukua koti, akapanda ngazi kwenda nje, maana kule chini mtandao haushiki ng'o.

"Atafanya kweli?" Marisol akanong'ona.

"Yule? Atarudi na hoja saba."

Lakini ngazi zilikaa kimya. Berna alikata kipande cha samaki, akakirudisha kwenye sahani. Hakujua anataka mlango ufunguke au usifunguke. Kama angerudi sasa hivi na kubishana, angemkubalia. Hilo alilijua kabisa, na lilimuudhi.

Mlango ukafunguka. Chester akateremka na theluji mabegani, akakaa, akavuta sahani yake.

"Imekwisha," akasema.

Hivyo tu. Wala hakumtazama.

Berna aliitikia kwa kichwa. Ndicho alichotaka, sivyo? Akaona macho yanamuuma, akasingizia siki iliyo kwenye samaki, na kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya, akaanza kula kabichi.

"Basi nisaidieni mimi," Marisol akasema haraka. Alikuwa hawezi kuvumilia kuona mtu mzima analia. "Mimi bado nina mtihani. Mzee Chester, nisomee maswali kwa sauti. Hoja zenye kasoro. Mimi nitajibu."

Chester akavuta kitabu. "Haya. 'Daktari wa mji fulani anawashauri watu wapunguze chumvi. Lakini daktari huyo ameonekana mara nyingi akila viazi vya kukaanga vyenye chumvi tele. Kwa hiyo ushauri wake haufai kufuatwa.' Kasoro iko wapi?"

Marisol akafumba macho kufikiri.

"Sigara," Berna akasema, mdomo umejaa kabichi.

"Nini?"

"Ndiyo yale ya sigara. Nilimwambia aache kuvuta, akaniambia sina haki ya kusema kwa kuwa nakunywa kahawa vikombe vinne. Mapafu yake yanahusiana nini na kahawa yangu? Anamshambulia msemaji, neno lenyewe analiacha limesimama pale pale."

Marisol akafumbua macho, akaangalia majibu nyuma ya kitabu. "Ndilo," akasema. "Umelipata."

"Bahati," Chester akasema.

"Soma lingine, bwana wewe. Usiniharibie chakula."

"'Tangu mkahawa mpya ufunguliwe mtaani, wizi wa baiskeli umeongezeka. Ni wazi kwamba mkahawa huo ndio ulioleta wizi.'"

"Jezi!" Berna akapiga meza. "Marisol, sikiliza. Huyu mtu alivaa jezi ya timu yetu Jumapili moja, timu ikashinda. Akaniapia kwamba jezi ndiyo iliyoshinda. Ikakaa bila kufuliwa kuanzia Septemba mpaka Januari. Mtu anayeleta barua alikuwa anaziacha kwa jirani."

"Na tulishinda mechi kumi na tatu!" Chester akasema.

"Kwa sababu wachezaji walicheza, Chester! Mambo mawili kutokea pamoja si kwamba moja limezaa lingine."

"Ndilo," Marisol akasema tena. Alikuwa ameacha kujifanya anajibu yeye. Aligeuza kitabu kimwelekee Chester vizuri. "Soma. Soma, Mzee Chester."

"'Kila kipuri kilichotumika kuunda mashine hii ni cha hali ya juu. Kwa hiyo mashine yenyewe ni ya...'"

"Lile gari ulilounda gerejini!"

"Sijamaliza!"

"Huna haja ya kumaliza. Kila kipande cha lile gari kilikuwa kizuri, ulinionyesha kimoja kimoja kama watoto mapacha. Na lilitembea?"

Chester akageuza ukurasa.

"Mwambie binti. Lilitembea?"

"Lilishuka kilima," Chester akasema.

"Lilishuka kilima kwa sababu ulisahau breki ya mkono!"

Meza ya jirani walikuwa wameacha kula. Bi Wanda amesimama na birika lake, kahawa inapoa. Chester aliendelea kusoma na Berna kumjibu kwa visa vya nyumbani kwao, na mimi nawaambia wasomaji wangu, lilikuwa jambo la kuona. Hakuna anayethibitisha kwamba daraja ni bovu, kwa hiyo ni zima? Paa la jikoni, mwaka wa barafu kubwa. Au tujenge uwanja au mji ufe? Safari ya Florida, au twende kwa mama yako au tusiende popote. Watu wengi wanaamini dawa hiyo inaponya, kwa hiyo inaponya? Ile mikanda ya sumaku ya kiuno, ambayo bado iko kwenye droo.

"Kumi kwa kumi," Marisol akasema. "Bi Berna, mimi mwenyewe sijawahi kupata kumi kwa kumi. Jana ulipata tatu. Imekuwaje?"

Berna naye alikuwa anashangaa. Akafikiri.

"Jana nilikuwa nasoma kwa macho," akasema. "Kwenye karatasi hoja zote zinanijia na tai shingoni, zina heshima zao, naogopa kuzigusa. Lakini akizisoma huyu," akamwelekezea Chester uma, "nazijua. Nimezila asubuhi na jioni. Akivuta pumzi tu najua wapi atateleza."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwalimu," Chester akasema, akijinyoosha kifua.

"Wewe ndiye ugonjwa, Chester. Mimi nimepata kinga."

Ukumbi uliangua kicheko, na Chester akacheka pia, kwa sababu lazima tumpe haki yake, hajawahi kuwa mtu wa kununa. Akafungua ukurasa mwingine akiwa bado anacheka.

"La mwisho hili, samaki wanapoa. 'Katika mji wa Rosedale, hakuna mama wa watoto wadogo aliyewahi kuchaguliwa kuwa meya. Bi Tanaka ni mama wa watoto wadogo. Kwa hiyo Bi Tanaka hawezi...'"

Sauti ikapungua, ikakatika.

"Hawezi nini?" Marisol akauliza. "Maliza, Mzee."

Chester hakumaliza. Alikuwa ameinua macho kwa Berna, na Berna alikuwa amekwisha weka uma chini.

"'Hawezi kuchaguliwa,'" Marisol akasoma mwenyewe juu ya bega lake. "Ah, hili ni rahisi sana, Bi Berna. Karibu kila mtu hulipata hili. Kwamba jambo halijatokea si kwamba haliwezi kutokea. Wanaliweka mwanzoni ili mtu apate moyo."

"Rahisi," Berna akasema.

"Rahisi kabisa."

Wasomaji wangu, niacheni hapa nisifanye mzaha kidogo. Berna alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kevin alikuwa anatambaa, Paul ana miaka mitatu, kitabu kiko mezani kati ya chupa za maziwa, na amebakiza mwezi mmoja afanye mtihani huu huu. Chester aliingia kutoka zamu ya usiku, akakaa, akala, akasema kwa upole kabisa, bila hata kupandisha sauti: Hakuna mama mwenye watoto wadogo hapa mtaani aliyewahi kumaliza shule ya sheria, Berna. Kwa hiyo na wewe hutamaliza. Usijitese.

Berna alimwona ana akili, huyo mume wake. Akaona amesema la maana. Siku ile ile kitabu kikaingia sandukuni.

"Miaka ishirini na minne," Berna akasema sasa. Hakusema kwa Chester, alikuwa kama anayejisemea. "Nimeikalia miaka ishirini na minne ile hoja. Nikadhani ni ukuta. Kumbe ni swali la kuwapa watu moyo."

Kipaza sauti cha bahati nasibu, kwa sababu zake, kilikuwa kimezimika.

"Nilisema hivyo," Chester akasema. "Nakumbuka. Nilikuwa nakula pierogi, zile sambusa za kuchemsha za mama yako."

"Ulikula saba."

"Berna." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Sina la kujitetea. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri ukiwa wakili utaniona mimi ni mtu wa kubana nati tu. Nikatafuta maneno, nikayapata, nawe ukayaamini. Nisamehe."

Sasa hapa ndipo wengine mlipotaka amsamehe, nimezisoma barua zenu. Hakumsamehe. Wala hakumtukana. Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nataka kufanya mtihani," akasema. "Marisol! Nataka kiti changu. Nirudishe."

Marisol akashika kichwa. "Bi Berna... usajili ulifungwa mwezi uliopita. Mtu akishajitoa hakuna mlango wa kurudi. Mpaka mtihani ujao, na mtihani ujao..."

"Darasa litakuwa limefungwa."

"Ndiyo."

Berna alishika ukingo wa meza. Kisha akamgeukia Chester, na uso wake, Bi Wanda alisimulia baadaye, ulikuwa wa mtu anayetaka kulia na kumpiga mwenzake kwa sahani kwa wakati mmoja.

"Kwa nini umenisikiliza?"

"Nini?"

"Nilikuwa nimechanganyikiwa! Nilikuwa karibu kulia! Mtu mwenye akili yoyote angebisha! Wewe unabishana na redio, Chester. Umebishana na padri kwenye ubatizo wa mtoto wako mwenyewe. Leo, siku moja ninayohitaji unibishie, unasimama na kwenda kufanya nilivyosema?"

"Uliniambia bila mjadala!"

"Tangu lini unafanya ninavyokuambia?"

"Miaka ishirini na tatu nalaumiwa sikusikilizi!" Chester naye akasimama. "Kwa mwanasheria, kwa mshauri wa ndoa, kwa mama yako, wimbo ni ule ule, Chester hasikilizi. Leo nimesikiliza mara moja, nakosa tena!"

"Ndiyo, umekosa tena!"

"Lo, huyu mwanamke!"

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Nataka kuona kwa macho yangu. Nipe simu, Chester."

Akasita. Alisita kidogo tu, lakini Berna aliishi na mtu huyu miaka mingi, na kusita kwake alikujua. Akainyakua simu mezani na kukimbilia ngazi, bila koti, bila kofia, mama wa miaka hamsini na mitatu akiruka vidato viwili viwili. Chester akakamata makoti yote mawili na kumfuata. Nyuma yao Bi Wanda akamuuliza Marisol kama haya nayo ni sehemu ya mtihani.

Nje, upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Berna alisimama kati ya magari yaliyofunikwa theluji, akabonyeza. Mtandao ukashika. Ukurasa ukafunguka polepole, mstari kwa mstari, kama unamkomoa.

Kubiak, Bernadette. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nafasi imethibitishwa.

Akasoma mara ya pili. Akapangusa kioo kwa mkono wa sweta, akasoma mara ya tatu. Imethibitishwa. Kiti kipo. Machozi yalimtoka yenyewe hapo, na safari hii hakuisingizia siki.

Kisha jicho likashuka chini, kwenye jina la pili.

Kubiak, Chester. Amejitoa leo. Hakuna marejesho ya ada.

"Chester."

Alikuwa amefika. Amesimama hatua chache kutoka kwake, anahema, koti lake mkono huu, koti la Berna mkono ule.

"Chester, umejitoa wewe."

Chester akamnyooshea koti lake.

"Wewe ndiye uliyejitoa. Mimi nipo, wewe hupo. Darasa lile lile, nafasi ile ile ya mwisho, na wewe ndiye uliyekuwa unapata alama za juu kutuzidi wote." Akainua simu mbele ya uso wake. "Tuko Kubiak wawili humu ndani, majina yamefuatana. Niambie ulikosea mstari. Niambie ni baridi, ni theluji kwenye kioo, ni kwamba hukuwa na miwani."

Mkono wa Chester ukapanda wenyewe hadi kifuani. Miwani ilikuwa inaning'inia pale kwenye kamba yake, safi, imefutwa.

Berna aliiangalia miwani. Akamwangalia mwenye miwani.

"Ulikosea," akauliza, taratibu sasa, "au ulikusudia?"

Mtu huyu amewahi kumbishia askari wa barabarani yeye akiwa amelewa, askari akiwa hajalewa, na akashinda. Sasa theluji ilikuwa inamjaa kwenye nyusi na hakuipangusa.

"Vaa koti kwanza, Berna," akasema hatimaye, na ile haikuwa sauti ya kubishana.

Berna hakulivaa.